Mabati ya Migingo: picha ilivyopigwa, na kile ambacho paa haliwezi kusema

Oktoba 2018 Yasuyoshi Chiba, Mjapani aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la AFP kutoka Nairobi, alikipiga picha kisiwa cha Migingo kutoka angani. Huenda umeiona picha hiyo bila kujua ni ya nani. Ni jiwe moja katikati ya Ziwa Victoria, limevikwa mabati toka ukingo hadi ukingo, mengine yanang'aa, mengine yameshaiva kutu, na mashua zimebanana majini kulizunguka. Jicho halipati pa kutua ila kwenye paa.

Ni kazi ya fundi. Chiba ndiye aliyekuja kutunukiwa Picha Bora ya Mwaka ya World Press Photo mwaka 2020, kwa picha ya kijana wa Khartoum akighani mashairi usiku wa maandamano. Lakini uzuri wa picha ya Migingo si jambo linalonishughulisha leo. Yale yanayoonekana pale ni makazi ya wafanyakazi, tena yamepigwa picha katika miaka migumu ya kazi yao, ila picha zenyewe zimetuzoesha kuyatazama ama kama maajabu ya dunia ama kama ugomvi wa mpaka. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Limetokana na mahali kamera ilipokaa, lenzi iliyotumika na maneno yaliyoandikwa chini ya picha, na kila hatua inaweza kufuatiliwa.

Kwanza niseme kwa nini wavuvi wa Migingo nawaita wafanyakazi, tena wa kiwanda. Mvuvi wa mbuta hapigi kengele langoni wala havai ovaroli yenye nembo. Hata hivyo samaki wake hupimwa kwenye mzani wa ajenti, hulazwa kwenye barafu, husafirishwa hadi kiwandani kukatwa minofu, na minofu hiyo hupanda ndege kwenda nje. Wengi wanaoingia majini usiku hawamiliki boti, mashine wala nyavu. Hugawana mapato na mwenye boti baada ya kutoa mafuta na chakula. Bei haipangwi ufuoni. Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1997 na tena 1999, aliyekosa unga ni huyu aliye juu ya jiwe. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa lote, na mbuta walivyopungua karibu na nchi kavu, wavuvi wakawafuata kwenye kina kirefu, upande ambako maji mengi ni ya Uganda. Chumba cha mabati Migingo ni matokeo ya safari hiyo. Kila karatasi ya bati pale imeletwa kwa boti kwa sababu samaki walihama.

Sasa turudi kwenye picha. Kisiwa kina ukubwa wa kama mita 2,000 za mraba, yaani chini ya nusu ekari. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu 131. Magazeti yamezoea kuandika 500, na mengine hupandisha zaidi. Ukigawanya, hesabu ya kwanza inampa kila mtu mita za mraba 15 hivi, pamoja na njia, baa, maduka na gati. Hesabu ya pili inampa mita 4. Hiyo ni tofauti ya maisha mawili kabisa. Picha ya angani, kwa nguvu zake zote, inakubaliana na hesabu zote mbili bila kusita, kwa sababu paa halisemi ni wangapi wamelala chini yake.

Wapo wanaodhani picha ya kutoka juu haina upande, kwamba ni macho tu yaliyopandishwa. Si hivyo. Ukielekeza kamera wima chini unapata kitu kinachokaribia ramani: vichochoro vinaonekana, paa zinahesabika, unaweza hata kutambua nyumba ipi imepangisha vyumba vitano kwenye mstari mmoja. Ukiinamisha kamera kwa mshazari, kama zilivyo picha nyingi za Migingo, paa za mbele zinafunika vichochoro vya nyuma, mabati yanashikana na kuwa ngozi moja, na kisiwa kinaonekana kama kimejaa kuliko kilivyo. Mshazari unauza zaidi, kwa kuwa unaonyesha umbo la jiwe na maji pande zote. Wima unafaa zaidi kwa anayetaka kujua watu wanaishije.

Lenzi nayo ina lake. Ukipiga kutoka kwenye boti ukitumia lenzi ndefu, tuseme ya milimita 200, nyumba ya mbele na ya nyuma huvutwa zikawa kama zimekaliana mgongoni. Ukiingia ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu ukiwa na lenzi pana ya milimita 20, ukajibanza pembeni ili upate kitanda, jiko na mlango katika fremu moja, chumba hicho kinafunguka kama ukumbi. Kwa hiyo mwandishi wa picha aliyekwenda kuonyesha msongamano hurudi na picha za nje zinazouzidisha na picha za ndani zinazouficha. Na hajadanganya popote; lenzi imefanya ilivyoundwa kufanya.

Dawa ipo, na ni rahisi: bati lenyewe ni rula. Bati la kawaida la mawimbi, likishalalia jirani yake, hufunika kama sentimita 75 hadi 80. Ukuta wa mabati manne ni kama mita tatu. Mpiga picha anayesimama wima mbele ya ukuta, kamera ikiwa sambamba nao, lenzi ya kawaida ya milimita 50, anampa mtazamaji kipimo ambacho hakuna anayeweza kubishana nacho. Ndani ya chumba, mtungi wa lita 20 unafanya kazi hiyo hiyo, kwani hakuna Mkenya asiyejua ukubwa wake.

Bati lina habari nyingine ambayo ndege haiwezi kuisoma. Likaribie. Utaona matundu ya misumari pasipo na msumari, safu nzima ya vitundu vilivyozibwa kwa lami au kipande cha plastiki. Maana yake bati hilo liliwahi kuezeka nyumba nyingine, pengine kwenye ufuo mwingine, likang'olewa, likapakiwa, likapigiliwa tena hapa. Ndani, karatasi za boksi zimebandikwa ukutani kupunguza joto, na kila msumari umepitishwa kwenye kizibo cha soda ili usichane boksi. Kitanda kimetengwa kwa leso. Ukipiga picha ya ukuta huo kwa karibu, mwanga ukija kwa pembeni ili vitundu vitoe kivuli, umepiga picha ya historia ya ajira ya mtu. Mimi ningeipa picha hiyo moja ukurasa mzima kabla ya kuchapisha paa mia.

Jambo ambalo picha nyingi za Migingo zimeliacha nje ya fremu ni Usingo. Ni kisiwa kingine, kikubwa kuliko Migingo, kiko kama mita 200 tu kutoka hapo, na karibu hakina watu. Ukikikata, Migingo inabaki kuwa kioja: watu wamejaa juu ya jiwe kwa sababu zisizojulikana. Ukikiingiza, hata pembeni kabisa, picha inauliza swali: kwa nini hawahamii pale penye nafasi? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye mzani. Mvuvi hulala karibu na mahali samaki wake wanapopimwa, boti za barafu zinapotia nanga, duka linapokopesha na polisi wanapokaa. Msongamano wa Migingo umetengenezwa na biashara, na ushahidi wake uko mita 200 nje ya picha.

Johnny Miller alilielewa hili vizuri alipoanza mradi wake wa Unequal Scenes mwaka 2016 huko Cape Town, kisha akafika Nairobi. Picha zake nazo ni za angani. Lakini yeye hutafuta mstari unaotenganisha: upande huu paa za Kibera, upande ule majani ya uwanja wa gofu. Jirani yuko ndani ya fremu, kwa hiyo hoja iko ndani ya fremu. Ufundi ni ule ule wa Migingo. Uamuzi wa wapi picha iishie ndio tofauti.

Kisha yakaja maneno. Migingo imeandikwa chini ya picha kwa miaka mingi kama kisiwa cha mzozo. Mzozo wenyewe ni wa kweli. Polisi wa Uganda waliweka kambi na kutoza ada, mwaka 2009 upimaji wa pamoja ukaanza, amri ya mwaka 1926 iliyochora mpaka ikafukuliwa, na Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Jiwe liko kama mita 510 mashariki ya mstari huo, yaani upande wa Kenya. Yote hayo yanastahili kuandikwa. Ila tazama kilichotokea: nyumba ya kupanga ya mtu anayelipwa kwa kilo imegeuzwa bendera. Msomaji anayeisoma picha kupitia mpaka hutafuta askari, na hatafuti choo.

Kuhusu vyoo, maji na kodi ya chumba, wapo waliowahi kuonyesha jinsi ya kuvipiga picha, nao walikuwa katika shida za kiuchumi kubwa kuliko zetu. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilimwajiri Roy Stryker, mwalimu wa uchumi, kusimamia kikosi cha wapiga picha katika idara iliyokuja kuitwa Farm Security Administration. Stryker mwenyewe hakuwa mpiga picha wa maana. Kazi yake ilikuwa kuwapa orodha ya maswali kabla hawajaondoka: watu wanafanya nini jioni, ukutani kuna nini, nani anamiliki nyumba, wanatembea umbali gani hadi kazini. Walirudi na filamu pamoja na maelezo. Hadi mradi ulipofungwa miaka ya 1940, hifadhi ilikuwa na negativu za rangi nyeusi na nyeupe zipatazo 175,000, zilizopo leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kasoro ya Stryker pia tuitaje: negativu asizozipenda za miaka ya mwanzo alizitoboa kwa kifaa cha kutobolea karatasi, na tundu jeusi likabaki katikati ya uso wa mtu.

Picha moja ya kikosi hicho ni somo zima. Novemba 1935 Walker Evans alisimama makaburini katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, na kamera kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10. Mbele aliweka msalaba wa jiwe. Katikati zikaja nyumba za wafanyakazi, zimeshikana. Nyuma yake mabomba ya moshi ya kiwanda cha chuma. Alitumia lenzi ndefu makusudi, ile ile hila ya kuvuta vitu vikaribiane niliyoilalamikia juu, lakini hapa iliivuta kazi hadi mlangoni mwa nyumba na nyumba hadi kaburini. Umbali halisi ulikuwa mkubwa zaidi. Uhusiano ulikuwa wa kweli. Hicho ndicho kigezo changu: lenzi inaruhusiwa kukaribisha vitu vinavyohusiana kweli.

Wa pili ni Russell Lee, mhandisi wa kemia aliyegeukia kamera. Mwaka 1946, baada ya mgomo wa wachimba makaa ya mawe, makubaliano ya serikali na chama chao yalitaka uchunguzi wa afya na makazi ya wachimbaji. Timu iliongozwa na daktari wa jeshi la majini, Joel Boone. Walipima maji, walikagua vyoo, waliangalia nyumba za kampuni, na Lee akapita nao akipiga picha. Ripoti ilitoka mwaka 1947. Lee alipenda flashi ya moja kwa moja, isiyo na mapambo, inayomulika hadi pembe ya mwisho ya jikoni, sufuria, gazeti lililobandikwa ukutani, nyufa. Wapo wanaoziona picha hizo kuwa kavu. Mimi naona ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi yetu, kwa sababu zilikwenda pamoja na vipimo vya ripoti. Aliyebisha picha alijibiwa na kipimo.

Kwa kadiri nijuavyo, uchunguzi kama huo wa picha na vipimo haujafanyika Migingo, wala visiwa vya Remba na Ringiti upande wa Homa Bay, ambako Wakenya, Waganda, Watanzania na Wakongo wamepanga vyumba vya mabati ukuta kwa ukuta wakifuata mbuta hao hao. Vivyo hivyo machimbo ya dhahabu ya Nyatike.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hiyo, shida ya kwanza ni mwanga. Visiwa hivi viko chini kidogo ya ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, paa linapofusha na ndani ni giza. Tofauti ya mlango na kona ya kitanda inazidi uwezo wa kamera nyingi. Ukipimia nje, mama mwenye nyumba anakuwa kivuli. Ukipimia ndani, ziwa linaungua likawa karatasi nyeupe, na ziwa ndilo kazi. Suluhisho ni saa. Mlango unaotazama mashariki upigwe saa moja asubuhi, jua likiwa chini na boti ndizo zinarudi. Hapo mwanga unaingia hadi kitandani na nje kuna mzani, ndoo na watu. Fremu ya mlango inakupa chumba na kazi katika picha moja, sawasawa na msalaba na mabomba ya Evans. Ukilazimika kutumia flashi, usiielekeze kwenye bati lenye kutu kwa kuwa litarudisha rangi ya machungwa usoni mwa watu. Ielekeze kwenye boksi jeupe au shuka.

Baada ya mwanga ni maelezo. Chini ya picha ya chumba nataka kusoma ufuo na tarehe, upana kwa urefu, wanalala wangapi, kodi kwa mwezi na inalipwa kwa nani, maji ya kunywa yanatoka wapi, choo kiko hatua ngapi, boti ni ya nani, bei ya kilo ya mbuta asubuhi hiyo. Bei ya bondo pia, yaani kibofu cha hewa cha mbuta, kwani siku hizi kibofu hicho kinachokaushwa na kupelekwa Uchina huweza kumzidi samaki mwenyewe kwa thamani. Jina la mwenye nyumba liandikwe kwa ridhaa yake tu, akijua picha itafika kwa mwenye boti na kwa polisi. Penye mpaka unaogombaniwa, uso ukiwa na jina unaweza kumgharimu mtu kibali.

Kuunganisha nyumba na kiwanda kuna hatari yake, na Mwanza tuliiona. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilishika mnyororo wote wa sangara, ambaye ndiye mbuta wetu: ndege za mizigo, mlinzi wa usiku, mapanki yanayokaushwa juani kwa watu wasiomudu minofu. Sehemu zile ambapo kila kitu kiko mbele ya kamera hazijapoteza nguvu. Lakini ilipodokeza kwamba ndege zilileta silaha, iliegemea maneno na mpangilio wa vipande bila kuonyesha silaha zenyewe, na mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania aliishambulia hadharani. Mjadala wote ukahamia kwenye silaha, mapanki yakasahauliwa. Uhusiano usioweza kuonyeshwa katika fremu au kuandikwa kwa tarakimu ni bora uachwe.

Picha zikishapigwa, zinakwenda wapi? Mwaka 1936, wakati kikosi cha Stryker kikizunguka Marekani, mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alikuwa Nyanza akipiga picha maboma ya Wajaluo. Zilikaa mbali na Nyanza miaka 70 hivi, na zimehifadhiwa Oxford, katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo alizileta Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikawekwa mbele ya wazee na wajukuu wa waliopigwa picha. Huo ni ufundi vilevile, na katika kazi ya makazi ya wafanyakazi ungekuja mapema zaidi: chapisha picha, zitundike kwenye banda la samaki chini ya macho ya BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, na wapangaji, waache wasahihishe kodi, vipimo na majina kabla mhariri wa Nairobi hajaziona. Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, ameweza kupiga picha mtaa wake kwa miaka kadhaa katika Kibera Stories kwa kuwa wanaozikosoa picha zake ni majirani anaokutana nao kesho yake.

Makazi ya wafanyakazi hayako ziwani tu, na ningependa kuona kazi ya namna hii ikianza nchi kavu, Awendo, na ikianza sasa. Kiwanda cha sukari cha Sony kimepita miaka ya mishahara iliyochelewa na wakulima waliosubiri malipo ya miwa, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, kama ilivyofanya kwa viwanda vya Nzoia, Chemelil na Muhoroni. Mwekezaji mpya hupaka rangi, hubomoa, huhamisha. Mpiga picha mmoja, mtu mmoja wa afya ya umma mwenye futi ya kupimia, na mfanyakazi mmoja anayejua kila mlango wa nyumba za kiwanda: watatu hao wangeweza kwenda nyumba kwa nyumba, kamera sambamba na ukuta, lenzi ya milimita 50, saa moja asubuhi, bomba la kiwanda likiwa ndani ya fremu kila linapoonekana kutoka mlangoni, na hati ya malipo ya mwisho ya mwenye nyumba, akikubali, ikipigwa picha mezani kwake pamoja na tarehe yake.